Nina milioni 1.3: ninunue kadi ya grafiki au? Kompyuta inaganda kwenye mabango (Arusha)

#1 Dizaina_Sombetini

Wakuu, salaam kwenu.

Nina kibanda cha dizaini na stationari hapa Sombetini. Kazi zangu ni mabango ya watu wa utalii, stika za milango ya Land Cruiser, kadi za harusi na sendoff, fulana za vikundi. Nafanya Photoshop na CorelDRAW.

Ijumaa kaja mama mmoja, anataka bango la mita 3 kwa 2, duka lake linafunguliwa Jumatatu. Kila kitu kimekaa sawa, limebaki jambo moja tu: kusogeza picha ya mlima kidogo kushoto. Nikasogeza. Kaduara kakaanza kuzunguka. Mama akapiga simu ya kwanza, akapiga ya pili, akamaliza soda yake, chupa akairudisha mwenyewe kwa mangi, akarudi, kaduara bado kanazunguka. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, hii kompyuta yako imelala?" Kazi ikaenda kwa jirani.

Mashine ni Dell OptiPlex 3050, lile boksi dogo la kulala, Core i5-7500, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8 kipande kimoja, diski ngumu ya kawaida ya GB 500. Kadi ya grafiki haina, natumia ya ndani ya Intel. Nimejibana nimepata milioni 1.3. Kuna jamaa mjini ana kadi ya GTX 1060, anataka laki saba, anasema nikiifunga mashine itapaa. Nichukue?

#2 Bisi_na_Soda

Naweka kambi hapa. Yangu ikiganda naizima kwa kidole.

#3 Chalii_wa_Kijenge

Oya mwanangu, chukua hiyo 1060 hata usifikirie mara mbili. Mimi nilipofunga kadi, gemu zilizokuwa zinakwama zikaanza kuteleza kama mlenda. Kompyuta bila kadi ni kama basi la Kilombero bila konda.

#4 Fundi_Kaloleni

Chalii, wewe unazungumzia gemu, mwenzako anazungumzia mkate.

Mtoa mada, usitoe hata mia. Kesho fungua lile faili la bango lililokuaibisha. Fungua pia Task Manager ya Windows, sehemu ya Performance, uiache pembeni. Kisha sogeza ile picha ya mlima kama ulivyofanya Ijumaa, uniletee namba tatu kaduara kakiwa kanazunguka: RAM imefika asilimia ngapi, diski ngapi, prosesa ngapi.

Halafu ndani ya Photoshop, chini kushoto pale panapoonyesha ukubwa wa faili, kuna kamshale. Bofya, chagua Efficiency. Ikikaa 100, RAM inatosha. Ikishuka, maana yake Photoshop imeishiwa RAM, inaazima nafasi kwenye diski. Niambie imeshuka hadi ngapi.

#5 Dizaina_Sombetini

Fundi, nimerudi. RAM 96%. Diski 100%, imeganda hapo hapo haishuki. Prosesa inacheza 20 hadi 30. Efficiency 38.

Mbona prosesa haina kazi?

#6 Fundi_Kaloleni

Haina kazi kwa sababu inasubiri. Prosesa yako ni mpishi amesimama na mwiko mkononi, vitunguu viko sokoni, na aliyetumwa anatembea kwa mguu. Huyo anayetembea ni diski yako. Ukimletea mpishi jiko jipya la laki saba, vitunguu vitakuja lini?

Sasa tupige hesabu, maana bango lako ndilo lenye siri. Ulilifungua kwa dpi (nukta kwa kila inchi) ngapi? Nahisi 300, kama ulivyozoea kwenye kadi. Mita 3 kwa 2 kwa dpi 300 ni pikseli 35,433 kwa 23,622. Zidisha, unapata kama milioni 837. Ukiwa kwenye CMYK, zile rangi nne za uchapaji, kila pikseli inakula baiti 4. Leya MOJA iliyojaa ni GB 3.35. Wewe una RAM GB 8, na hapo Windows na kivinjari chenye WhatsApp vimeshachukua chao. Leya ya pili tu umeshamaliza. Na Photoshop haikumbuki hali ya sasa peke yake, inakumbuka na hatua ulizopita ili uweze kurudi nyuma. Kwa kawaida imewekewa hatua 50.

Kinachozidi kinamwagwa kwenye diski. Diski ngumu ya kawaida, ikiwa na afya, inasoma kama MB 120 kwa sekunde. GB 3.35 ni karibu nusu dakika kwa leya moja, kuisoma tu, bado kuiandika tena. Na hiyo ni pale inaposoma kwa mfululizo. Ikianza kurukaruka huku na huku ndiyo mama anamaliza soda. SSD, ile diski isiyo na sahani ya kuzunguka, ikiwa ya SATA inafika kama MB 550. SSD ya NVMe hata ile ya bei ya chini inapita 2,000.

Kwa hiyo dawa yako ni RAM na SSD. Kadi ya grafiki haipo kabisa kwenye ugonjwa huu.

#7 Mchapaji_Unga_Limited

Leo nimempata mmoja wao!

Mimi ndiye nakaa na mashine ya kuchapa mabango huku Unga Limited. Nyie madizaina mnaniletea faili la dpi 300 la bango litakaloning'inizwa juu ya nguzo, kompyuta yangu ya kuchapia inalisaga faili dakika arobaini, halafu mteja ananilaumu mimi. Nani atapanda nguzo na lenzi kuhesabu nukta? Bango la kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa linaangaliwa na mtu aliye ndani ya hiace, tena hiace inatembea.

Mita 3 kwa 2 niletee dpi 100. Mita 6 kwenda juu niletee 72. Ukitaka 300, iwe kadi, kipeperushi, kitu cha kushika mkononi.

#8 Dizaina_Sombetini

Mzee, usinipige. Ni kweli nilikuwa naweka 300 kila kitu. Wateja wanasema "nataka HD", basi mimi najaza tu. Na kuna siku Photoshop iligoma kabisa kusevu kwenye PSD, nikawa nakimbilia TIFF bila kujua sababu.

#9 Fundi_Kaloleni

Sababu ni hiyo hiyo. PSD mwisho wake ni pikseli 30,000 kwa upande mmoja, na wewe ulikuwa na 35,433. Makubwa zaidi yanataka PSB.

Kwa dpi 100 bango lile lile ni pikseli milioni 93, leya inakuwa MB 372. Mara tisa chini. Hapo umeshaongeza kasi bila kutoa shilingi. Umshukuru Mchapaji, hata kama ana mdomo.

#10 Mama_Kadi_Moshi

Hamjambo humu. Mimi nipo Moshi, natengeneza kadi za harusi, kipaimara na shukrani, mwaka wa tisa huu.

Wanaume mkikaa pamoja mnaongelea kasi tu. Mdogo wangu wa Sombetini hajasema anatumia monita gani, na ndiyo itakayomlia hela kuliko hiyo RAM. Mwaka juzi nilipata kazi ya kadi 400, rangi ya bibi harusi ni maruni. Kwenye monita yangu ya zamani maruni ilikaa nzuri, nimeegemea kiti, naitazama. Nikiinama kidogo inageuka zambarau, nikisimama inakuwa nyeusi. Sikujali. Zimetoka kiwandani ni kahawia ya kahawa iliyochacha. Mama wa bibi harusi alizimwaga zote juu ya kaunta, moja moja, kama anagawa karata. Nilizirudia kwa hela yangu.

Ile monita ilikuwa paneli ya TN. Ukibadilisha pembe ya kutazama, rangi nayo inabadilika. Tafuta ya IPS, na iandikwe inafunika sRGB (wigo wa kawaida wa rangi za skrini) karibu yote, 99% hivi. Haina haja ya kuwa mpya. Kwenye mitumba ya ofisi za Ulaya zimejaa Dell UltraSharp na HP za IPS, mradi ukague haina mstari wala doa. Nenda na picha nyeupe tupu na nyeusi tupu kwenye simu, zifungue pale pale dukani.

Na kadi ya harusi haihitaji kadi ya grafiki, jamani. Mimi nina GB 16 na SSD, natembea. Photoshop wenyewe wanasema angalau GB 8, wanapendekeza 16. Wewe wa mabango nenda 32.

#11 Bisi_na_Soda

"Kama anagawa karata" 😂😂 pole sana mama.

#12 Ramani_na_Nyumba

Nipo Moshi pia, Shanty Town. Nachora nyumba na mapambo ya ndani, natumia Blender, programu ya 3D. Nisipojibu, kuna mtu atasoma uzi huu aondoke akidhani kadi ni upuuzi.

Kwangu kadi ndiyo kila kitu. Blender ikitumia Cycles inapiga mahesabu ya mwanga, mionzi mamilioni, na kazi hiyo kadi inaigawanya kwenye vichakataji vidogo maelfu kwa wakati mmoja. Sebule moja ambayo prosesa peke yake ilikuwa inanilaza nayo macho, RTX 3060 inaimaliza nikiwa nakunywa chai. Niliichagua kwa sababu ina GB 12 za kumbukumbu yake yenyewe. Sebule yenye makochi, mazulia na picha za ukutani zenye ubora mkubwa lazima iingie humo ndani. Isipoingia, kasi inaanguka au kazi inakataa kabisa. Ndiyo maana kadi yenye jina kubwa na GB 4 ilinishinda.

Ila inakula wati 170 na wanashauri pawasaplai ya wati 550. Boksi la kulala la ofisi usilifikirie.

Anayehariri video naye kadi itamsaidia. Illustrator na Photoshop wanaitumia kwa baadhi ya mambo: kukuza na kusogeza karatasi, filta chache, Camera Raw. Kadi ndogo inatosha kwa hayo.

#13 Fundi_Kaloleni

Umeongea vizuri mkuu. Na hapo kwenye boksi ndipo nilikuwa naelekea. Mtoa mada, pawasaplai ya boksi lako ni wati 180. GTX 1060 peke yake inakula 120, inataka waya wake wa umeme wa pini 6 ambao boksi lako halina, na kwa urefu wake mfuniko haufungi. Jamaa anayekwambia itapaa, mwambie aifunge mbele yako kwanza.

Ukija kutaka kadi baadaye, tafuta zile fupi zisizo na waya, zinazojitegemea umeme wa sloti ambao mwisho wake ni wati 75. Quadro P1000 ina GB 4 na inakula wati 47. T1000 ni wati 50. Iwe na bati fupi la nyuma, maana wengine wanauza wamebakiza bati refu na haiingii.

Kadi yoyote ya mkononi, fungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kabla ya kulipa. Kuna kadi za zamani kabisa zimebadilishwa programu ya ndani zijiite jina jipya, Windows inadanganyika, GPU-Z inaziandikia wazi kwamba ni feki. Nimeshaletewa mbili mezani. Mwenye nazo alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama naweza kumsaidia kuziuza.

#14 Tunda_Lililong'atwa

Nunua Mac mini mmalize kelele. Ya chipu ya M4 imetoka 2024 na RAM GB 16, haina hata kelele ya feni.

#15 Mchapaji_Unga_Limited

Na ikiwa GB 16 hazitoshi unaongeza wapi? Imegandishwa humo humo. Na mtoa mada ana mafaili ya wateja ya miaka kwenye CorelDRAW. Mashine nzuri, sikatai. Siyo kwa milioni 1.3 na mabango.

#16 Kijana_wa_Namanga

Vuka Nairobi, vitu bei nafuu. Asubuhi unaondoka, jioni umerudi.

#17 Mama_Kadi_Moshi

Na kipande cha RAM kikifa wiki ijayo anavuka tena? Mimi nanunua kwa mtu ninayejua mlango wake.

#18 Fundi_Kaloleni

Kwenye RAM kuna mitego mitatu, na nimeona watu wazima wakiingia yote.

Wa kwanza, boksi lake linachukua DDR4. DDR3 haiingii, mkato wa kwenye meno upo sehemu tofauti, usilazimishe. Wa pili, RAM za laptopu ni fupi, za boksi ni ndefu, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote. Wa tatu ndio mbaya: zipo RAM za seva, zina maandishi ya Registered ECC, zinauzwa rahisi ajabu. Zinaingia vizuri kabisa kwenye sloti, mashine haiwaki. Ukiona bei inakuchekea, soma stika.

Chukua vipande viwili vya GB 16 badala ya kimoja cha 32. Prosesa inavuta kutoka pande mbili kwa pamoja. Boksi lako lina sloti mbili tu, kwa hiyo ile 8 ya zamani inatoka.

SSD ya M.2, ile nyembamba ya kuchomeka kwenye ubao, nayo ina ndugu wawili wanaofanana. Kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe. Ile yenye mikato miwili kwenye meno mara nyingi ni ya SATA. Mimi mwenyewe fundi nilimfungia mteja ya SATA kwenye mashine inayotaka NVMe, nikahangaika nayo mchana kutwa haionekani, nikasingizia Windows.

#19 Dizaina_Sombetini

Sasa kuna rafiki yangu ananiambia nisitumbukize hela kwenye mashine hii, kwa sababu Windows 11 inaikataa. Niuze ninunue nyingine?

#20 Fundi_Kaloleni

Rafiki yako hajakosea. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 na kuendelea, wewe uko cha 7. Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mambo ya benki usifanyie kwenye mashine hiyo.

Lakini angalia. RAM ya DDR4 na SSD ya NVMe utakazonunua leo, unazing'oa na kuzifunga kwenye HP EliteDesk 800 G4 au Dell ya kizazi cha 8 siku ukipata. Havifi na boksi. Kadi ya 1060 ndiyo ingekufunga mikono. Kwa hiyo anza na vya kuhama, boksi lifuate.

Ukitafuta boksi jipya, usihadaike na kori (vichwa vya kazi ndani ya prosesa) nyingi. Kuna zile za Xeon, prosesa za seva, zenye kori 12 au 14 zinasifiwa sana mjini. Photoshop, Illustrator na CorelDRAW kwa sehemu kubwa ya kazi zinapiga kori chache, kwa hiyo kasi ya kila kori ndiyo inayokusaidia. Nne zenye mbio zinazipita kumi na mbili zinazojikokota. Blender ndiyo inazitumia zote, huyo mwenzetu wa Shanty Town atakubaliana nami.

#21 Fulana_Ngarenaro

Hakuna aliyegusa umeme. Mimi nachapa fulana. Mashine yangu ya kupasi, ile hiti presi, ilikuwa kwenye soketi moja na kompyuta. Kila ikianza kuchemka taa ya chumba inafifia kidogo, unasikia "tk", kompyuta inajiwasha upya. Miezi mitatu nabadilisha RAM, nabadilisha Windows, nawalaumu watu. Siku moja mwanangu wa darasa la tano ndiye aliyesema, "Baba, mbona inazima ukibonyeza hiyo?"

Tenga waya wa presi. Nunua UPS, betri ya akiba, hata ya VA 650 inatosha boksi la wati 180 na monita, lengo ni kusevu na kuzima. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta kwa kishindo ikipasha moto.

#22 Bisi_na_Soda

Na nyie wenye Photoshop za kupakua bure mtandaoni, angalieni prosesa mkiwa hamfanyi kitu. Yangu ilikuwa 90% nimekaa tu. Kulikuwa na kijidudu kinamchimbia mtu sarafu za kidijitali kwa umeme wangu. 🙃

#23 Dizaina_Sombetini

Wakuu, wiki tatu zimepita, nimerudi na ripoti.

Nimechukua RAM GB 32, vipande viwili. NVMe GB 512. UPS. Monita ya IPS ya inchi 24 ya mtumba, niliipima na picha nyeupe kama mama alivyosema, ya kwanza ilikuwa na doa kama tone la chai pembeni, nikaikataa, muuzaji akanuna, akatoa nyingine. Kuna hela imebaki, naiweka kwa ajili ya boksi la kizazi cha 8.

Fundi alinifungia Jumamosi. Alipofungua mfuniko tukakuta vumbi jekundu limelala kwenye feni kama pamba, tukalipuliza nje, tukapaka na dawa mpya kwenye prosesa. Sikujua kama ile kelele ya trekta ilikuwa vumbi.

Nimepunguza hatua za kurudi nyuma hadi 20, skrachi (nafasi ya diski ambayo Photoshop inaazima) nimeihamishia kwenye NVMe, picha za Illustrator naziunganisha badala ya kuzipachika ndani. Lile bango la mama nililifungua makusudi, la 300 vile vile lilivyokuwa, nikasogeza mlima. Sekunde nne. Efficiency 100. Nikalibadilisha kuwa dpi 100, nikasogeza tena, hata kaduara hakakutokea.

Nimegundua pia ule mlima niliweka upande mbaya, Mawenzi iko kushoto badala ya kulia kama tunavyouona toka huku kwetu. Picha ilikuwa imegeuzwa. Kwa hiyo mama aliponikimbia labda Mungu alinisaidia.

#24 Mchapaji_Unga_Limited

Jirani yako alilichapa hivyo hivyo na Mawenzi yake kushoto? Nimeliona. Lipo juu. 😂

#25 Chalii_wa_Kijenge

Mwanangu, na ile diski ya zamani ya GB 500 unauza? Nina ishirini elfu.

#26 Dizaina_Sombetini

Ina harusi za watu miaka sita humo, na wengine bado hawajamaliza kulipa. Siuzi.